Sababu ya Mguu wa Idi

Mama yangu,

Kama huko Kasongo hamjasikia jina langu, basi masikio yenu yameziba. Hapa Kisangani nikipita mtaa wa Mangobo hata majogoo wananyamaza wanipishe, na mkubwa wetu haanzi vita bila kuuliza kama nimeshiba. Ndiyo mimi, yule waliyemfukuza shule kwa kumzidi mwalimu akili.

Kifua kinakuacha ulale? Na Papa, magoti yake? Sisi wazima. Bon, mimi mzima. Ulisema nisikufiche habari za mdogo wangu Idi. Anaishi. Mguu wa kulia umekatwa juu ya goti. Anayekusomea asimame kidogo, unywe maji.

Ilikuwa Simi-Simi, askari wa serikali wanalinda uwanja wa ndege. Unajua sheria ya dawa yetu ya vita, sisi tunaopigana na serikali: ukinyunyiziwa, risasi inageuka maji, mradi usiguswe na asiyenyunyiziwa, mwanamke zaidi. Wenzake walilala chini. Yeye alikwenda wima, anapunga tawi: “Mayi! Mayi!”

Dokta wake ni mtu wa kisiwa cha Seilani, alikuja na askari wa kofia za bluu. Wao wakarudi, yeye akabaki. Anafuata dini ya Buda. Hali nyama, Mama, wala samaki! Nikamwambia, “Dokta, siku moja upepo utakubeba.” Akacheka, halafu kwa Kiswahili chake cha kuokota: “Maumivu hayazaliwi peke yake. Hii iko, ndiyo ile inakuja. Hii ikikoma, ile nayo inakoma. Mguu ulikatika kwa nini?”

“Risasi, dokta.”

“Na mbele ya risasi?”

“Alisimama.”

“Na mbele ya kusimama?”

Nikasema njaa inaniuma, nikatoka.

Kidonda kinapona, lakini Idi halali. Anatafuta kosa lake. Juzi alinishika shati: “Yaya, kaka yangu, iko ule mukono wa Zaina? Ule wa chikwange? Alinipa chikwange, ule mukate wa muhogo, vidole vikagusana. Ni mimi niliharibu dawa, eh?” Zaina masikini, yule msichana anayetupikia, anamletea supu kila siku, Idi anageukia ukuta.

Dokta aliniita pembeni. “Mguu nimemaliza. Kinachomuuma sasa kinatoka katika kutojua. Akijua, kitamwachia. Wewe uko ndugu yake, alors?”

Nikachukua bakuli la supu la Zaina, nikaenda kuliosha.

Nisalimie Papa, na tonton, mjomba wetu fundi baiskeli, na shangazi aliyetufungia mikate ya safari. Dada asiguse kuku wangu.

Mama, neno moja kabla sijatia jina. Idi alisimama kwa sababu yangu. Nilimwapia kwamba risasi ilinigonga kifuani ikawa maji, shati likalowa. Haikunigonga risasi yoyote. Siku hiyo niliyojisifia nilikuwa mtaa wa Kapalata, nimejibana nyuma ya magunia ya mchele. Na aliponiuliza kama ni mkono wa Zaina, nilimjibu ndiyo.

Mwanao,
Saidi