Mbwa Aliyerudisha Mawe

Nungwi, Unguja

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu umepungua uvimbe? Na ile dawa ya mwarobaini, bado waimwaga dirishani shangazi akigeuka? Mimi mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia, na sababu yake ni mbwa. Najua hapo ushasema astaghafirullahi. Mwambie anayekusomea asiruke mistari.

Nilikwambia nasimamia nyumba aliyopanga Mzungu mzee. Sikukwambia kwamba nusu ya kazi ni mbwa wake. Alimpa jina Karafuu. Watu walikereka: zao lililojenga nyumba za babu zao, leo laitikia mluzi? Mzee alidhani wanamsifu.

Kila alasiri walishuka pwani kucheza mchezo wao mmoja. Mzee hurusha jiwe. Karafuu hulikimbilia, hulirudisha, huliweka pale pale kwenye kidole gumba cha mguu wa mzee. Mzee hucheka mpaka meno ya bandia yakataka kutoka, na mbwa huzunguka kama pia. Nimehudhuria harusi nyingi, Mama, sijaona wawili wakipendana vile. Kazi yangu ilikuwa kuosha bakuli lake: mara saba, moja kwa udongo, kama ulivyonifunza.

Miezi miwili iliyopita moyo wa mzee ulisumbua, bintiye akaja kumchukua. Mzee aliahidi kumtumia mbwa tikiti. Sasa simu haipokelewi. Karafuu akabaki na mchezo bila wa kucheza naye, akaanza kutoka uani.

Huku, kama kwetu, mbwa akipita hupigwa jiwe. Si chuki, ni kama kumwamkia. La kwanza alilirusha Makame, mshona nyavu, likampata ubavuni. Karafuu akalia, akaliokota, akampelekea miguuni, akakaa kitako.

"Jamani njooni! N'nampiga, aniletea!"

"Mrushie kubwa," akasema jirani yake, "huenda akaleta na kahawa."

Tangu hapo baraza ikawa inajaa kila alasiri. Wao walicheka, na mbwa akafurahi kwa kuwa wanacheka. Nami nilikuwepo. Nilicheka. Hata jiwe lilipomtoa jicho moja, akawa analipita jiwe mara mbili kabla ya kuliona, tulicheka.

Kisha akaja Bi Time, mwenye nyumba, kutoka Mji Mkongwe.

"Wewe mtu wa Kilwa, wageni wangu waingia Ijumaa. Nikimkuta huyo mbwa, bandari ya Malindi pale mjini waijua. Utapanda boti urudi kwenu."

"Naam, Bi Time."

"Naam ya mdomo siitaki."

Nikirudi huko, mguu wako utatibiwa na mwarobaini peke yake. Basi nikatii.

Alhamisi asubuhi nilimpeleka nje ya kijiji, kwenye mawemawe, nikamwambia nenda. Akakaa. Nikarusha jiwe karibu naye kumtisha, akalileta. La pili nikamlenga mguu, akalileta akichechemea. La tatu nilikaza mkono. Lilimpata mdomoni. Alilitafuta kwa lile jicho moja, akalinusa, akalibeba na damu yake, akaliweka kwenye kidole gumba changu. Akarudi nyuma kidogo akangoja, mkia ukipiga chini.

La nne hakulileta. Nililifuata mwenyewe.

Ijumaa Bi Time alikagua ua mzima, akasema watu wa Kilwa ni wachapakazi.

Nisalimie kaka mkubwa, na mkewe ambaye najua kashajifungua ila mwanifanyia siri mpaka arubaini. Nisalimie mwalimu wangu wa chuo cha Kurani. Umuulize, ila usimtaje anayeuliza, kama kuna udhu wa mkono peke yake. Shangazi mwambie dawa yake yakusaidia sana.

Upepo leo ni mkali, karatasi yataka kuruka. Nimeikandamiza kwa lile jiwe. Usiogope kuishika barua, Mama: nililiosha mara saba, moja kwa udongo.

Mwanao, kazini bado,
Bakari