Sikumurudisha Zaina

Mutoto wangu Nassoro,

Magoti inaniuma, lakini sijafurahi hivi tangu miaka mingi. Ulinituma nimurudishe binti yako Zaina, eti aache kutembea kwa miguu mu pori toka Bafwasende mpaka Kisangani. Bon, Jumamosi moto, pikipiki ya kukodi, ilinifikisha kwake. Nikamugombeza, tukitembea, mpaka akanicheka polepole yangu, na utani wa mujukuu kwa bibi yake: "Mbanda wangu, muke mwenzangu, bwana yetu alioa muzee." Nikapita mbele. Siku mbili tulikula mbinzo, vile viwavi vya pori, tukaimba.

Jumapili aliniuliza kama ungali unamukasirikia kwa sababu alikataa bwana uliyemuchagulia. Nikamuambia utamujibu wewe mwenyewe.

Ijumaa ataingia Kisangani. Panda boti, umupokee ku barabara. Usipokuja, nitakufuata Isangi kwa miguu. Sasa unajua naweza.

Mama yako mwenye miguu,
Mwamini