Noti Zilizokaushwa Kama Samaki

Mama,

Ziwa Mweru limepanda tena, na safari hii limeingia hadi kwenye banda lako la kukaushia samaki. Usishtuke. Wenzako wa chama cha akiba ni wazima wote, wanakula na kusengenyana kama kawaida. Ila kasha la akiba lililowa.

Unajua walifanya nini? Walizitandaza noti juu ya chanja, wakawasha moto chini, wakawa wanazigeuza mpaka zikawa za kahawia! Kisha Mama Safi na Mama Kalunga wakapanda lori kutoka Pweto, wakaja moja kwa moja hadi kwenye dirisha langu la kubadilishia noti chakavu, hapa benki kuu, Lubumbashi.

"Maji iliingia, mutoto yetu. Tuliikaushaka sawa samaki."

Mashine ilizitema zote. Mkuu wangu akatoka ofisini, akanusa. "Hii franga iko na harufu ya samaki!" Nilicheka mpaka nikashika meza, halafu nikaanza kulia, Mama, mbele ya foleni nzima. Tangu tulipokuzika nilikuwa sijalia. Ilikuwa harufu ya kitenge chako.

Wenzako wale wawili hawakucheka. Bila ile akiba hakuna banda jipya, na bila banda samaki wataoza. Nikafuta machozi, nikamwambia mkuu: kila mkutano tunajiuliza mbona bei za vyakula zinaruka, tunapandisha riba, lakini riba haizuii ziwa kufurika. Samaki wakiharibika Pweto, bei inapanda Lubumbashi. Hali ya hewa imekuwa kazi yetu pia, basi tuanze na hizi noti. Aliguna, akavuta kiti. Tulizikagua kwa mkono mpaka jioni, tukabadilisha karibu zote, isipokuwa chache zilizoungua kabisa. Wewe uliyekuwa unaniuliza kila likizo, "Banki yenu inauzishaka nini?", siku ile ungejivuna.

Wamenunua kiwanja kule juu mlimani, maji yasikofika, kando ya makaburi. Nilisita kidogo, wao wala.

Barabara ikikauka nitakuja, nakuahidi, tujenge chanja pamoja. Lala salama, Mama. Kimya tu ndicho usikitegemee: wenzako wanahamia jirani yako, na Mama Safi anasema ugomvi wenu wa bei bado haujaisha.

Mwanao,
Feza