Siku Saba za Ndiga

Jumatatu, 3 Mfungo Tano
Mwanahawa ana mikono ya kuazima. Nimemwambia, ndiga si muhogo, mwanamke wee, kata nyembamba sumu itoke! Mke wa mwanangu, miaka sita kwangu, bado anakata mapande kama kuni. Mafuriko yamechukua mpunga. Bwana Shauri wa serikali kaahidi mahindi, hayajaja. Mwanangu Saidi yuko Maparoni anakata boriti. Basi tutakula ndiga, viazi vya porini. Tenga nimelitia kijitoni leo. Siku saba majini, ndipo zitiwe chunguni.

Jumanne, 4
Nimemwita mjukuu wangu Tatu kwa jina la marehemu dada yangu. Kacheka. Njaa tu hiyo.

Alhamisi, 6
Mpunga umekwenda na maji, na hakuna aliyekumbuka kuroweka ndiga. Ni mie. Nimekata peke yangu, nimetia tenga kijitoni. Siku saba. Bila mie nyumba hii ingekufa.

Jumatatu, 10
Kijitoni mna matenga mawili. Nani katia la pili? Mwanahawa anasema, "Wewe, mama. Hilo ulilolishika ni la Alhamisi, bado." Ati mie! Nikamwambia, "Nimeroweka ndiga wewe ungali kwenye mbeleko." Nikalitwaa hilo hilo. Kanuna, kaenda kisimani. Nimepika. Tatu kala, kwa kuwa bibi yake kampa.

Jumanne, 11
Tatu anatapika. Macho yanamzunguka, miguu haimshiki. Njia ya kwenda kwa dresa wa zahanati Kibiti iko chini ya maji. Mie nilikula pia, nimepata kizunguzungu tu. Mungu angeanza na mie. Mwanahawa hanitukani. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 12
Nimefungua daftari hili. Jumatatu nimetia. Alhamisi nimetia. Mwandiko wangu mwenyewe, herufi zangu za chuo cha Kurani. Ile ya Jumatatu siikumbuki kabisa. Nimesoma mara tatu. Naona haya. Naogopa. Mama yangu aliishia hivi, akimtafuta mume aliyekwisha kuzikwa, nasi tukimcheka. Astaghfirullah.

Ijumaa, 14
Tatu kanywa uji, kasimama mlangoni. Alhamdulillahi. Nimempa Mwanahawa kisu changu cha ndiga. Kakipokea kwa mikono miwili. Toka leo tenga lolote alitie yeye na alitoe yeye, kwa hesabu yake. Nikilidai kabla ya siku zake, asinipe. Nikimtukana, asinipe.