Bolti Nne za Kinga

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiomba uwe mzima, wewe, wifi na wanangu wote watatu. Kifua cha wifi kimepoa? Mwambie aache ubishi, ajifunike asubuhi. Na huyo wetu wa mwisho, bado analala na viatu vyake vipya? Mimi huku mwili hauna neno. Nakula, natembea, nagombana na wateja kama kawaida. Ya moyoni utayakuta mbele, na nakuomba uyasome ukiwa umekaa.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Hiyo simu nimeishika mara tano wiki hii, na kila ukiitikia ulimi unakuwa mzito, naishia kuuliza habari za mvua. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza uniambie nifupishe maneno.

Jambo lenyewe ni ile mashine ya randa niliyokuambia nimeipata bure. Ulifurahi mpaka ukasema Jumamosi unaomba ruhusa kule getini shuleni, uje usukume ubao hata mmoja tu, baada ya miaka kumi na tisa ya kufungua na kufunga geti la watu. Ulicheka, Kaka. Nami nikacheka. Tulipoagana nikakaa chini sakafuni, kwenye maranda.

Sasa nianze mwanzo. Mashine alinipa yule fundi madirisha wa barabara ya juu, ambaye siku hizi amehamia kwenye alumini na mbao hataki kuzisikia. Unanijua, kikitajwa cha bure siulizi mara mbili. Nilikodi mkokoteni nikaenda. Wakati wa kupakia, yeye alisimama mbali, mikono mfukoni, akaniambia mashine haina ubaya ila kinga ya visu haikai. Alisema unaifunga vizuri, unaenda kula, ukirudi unakuta imetolewa na bolti zake zimepangwa mezani. Alikwisha kuwafukuza vijana wake wawili kwa sababu ya mchezo huo. Nilimcheka. Nilimwambia anahitaji washa nne mpya za bolti na akili kidogo. Hakucheka. Aliniuliza tu kama nitahitaji kamba.

Ilikuwa mbaya, Kaka, ungeilia. Beringi za mota zimekufa, mkanda umekauka na kupasuka, meza zote mbili zimeota kutu. Wiki mbili nzima nilikuwa nayo. Kutu niliitoa kwa mafuta ya taa na msasa, visu nikavinoa mwenyewe, meza nikazilinganisha kwa rula ya chuma mpaka mwanga ukakataa kupita chini yake. Kilichobaki kilikuwa rangi. Walikuwa wameipaka kijivu, chini yake kijani, na chini ya kijani nikakuta buluu. Ile buluu, mikono yangu iliitambua kabla ya macho. Nikalala chini, nikaangalia uvungu wa meza kwa tochi. Kuna mtu alikuwa amekwaruza neno kwa msumari: TIMAZI.

Ni karakana moja tu duniani iliyokuita Timazi na mimi Msumari, Kaka. Ndiyo mashine yenyewe. Ndiyo iliyokula vidole vyako viwili.

Mtu mwenye akili angeipeleka kwa wauza vyuma chakavu siku hiyohiyo. Mimi nilijiambia chuma ni chuma, nikaipaka rangi nyeusi, nikaifunga kinga kwa bolti nne mpya na washa zake, nikakaza mpaka kiwiko kikaniuma. Sikukwambia. Nilikwambia tu nimepata mashine nzuri.

Siku ya kwanza kuiwasha ilifanya kazi vizuri ajabu, ubao ukitoka laini kama shavu la mtoto. Mchana nikafunga mlango, nikaenda kula. Ufunguo ni mmoja na unakaa shingoni mwangu. Niliporudi, kinga ilikuwa imeegemezwa mguuni mwa mashine. Bolti zilikuwa juu ya kitambaa, mbili na mbili, vichwa chini, na kila bolti imevishwa nati yake. Unamkumbuka mtu anayepanga bolti hivyo? Ulikuwa ukinitania kwamba nazilaza kama watoto, bado kuziimbia tu.

Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu nilikuwa nimebadilisha kufuli, na bado hivyohivyo. Yule mama mshonaji wa jirani nilimuuliza kama ameona mtu akiingia. Akasema hajaona mtu, ila amenisikia nikigongagonga vyuma mchana kutwa. Nikamwambia mchana nilikuwa mgahawani. Akanitazama, akarudi kwenye cherehani yake.

Jumatano niliamua sitakula. Nilifunga kinga, nikavuta kigoda, nikakaa hatua mbili kutoka kwenye mashine, jua limejaa dirishani. Redio ya mshonaji ilikuwa inaanza taarifa ya habari. Niliikodolea macho ile kinga, na naapa sikusinzia. Halafu nikasikia redio ikiaga, kipindi kingine kabisa, na mkono wangu wa kulia ukawa baridi. Nikauangalia. Spana nilikuwa nayo mimi. Bolti tatu zilikuwa zimelala kwenye kitambaa, na ya nne ilikuwa kiganjani mwangu.

Nilikimbia mpaka kwa fundi madirisha, hata mlango sikufunga. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia ukweli. Aliweka chini fremu ya alumini aliyoishika. Kisha akasema aliwafukuza wale vijana kwa makosa, kwa sababu mwisho alijikuta yeye mwenyewe amesimama pale, spana mkononi, na bolti akizipanga kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha, mbili na mbili, vichwa chini. Akaniuliza kama nafahamu ilikotoka. Nikasema sijui. Uongo mwingine huo, ungali wa moto.

Kaka, sasa nimefika pale ambapo sikutaka kufika.

Siku ile haikuwa wewe. Bosi alitoka, ule mlango mkubwa ulitakiwa kabla ya jioni, na kinga ilikuwa inakwama kwenye mbao nene. Wewe ulikwenda kunywa maji. Niliitoa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijiona fundi. Nilipanga bolti juu ya kitambaa, nikapitisha mbao mbili haraka, nikatoka nje kuleta ya tatu. Nilitaka kuirudisha. Sikukuambia kwa sababu nilijua utanigombeza. Ulirudi ukifikiri mashine iko kama ulivyoiacha, ukaendelea na kazi. Nilikusikia nikiwa bado nimekumbatia ubao.

Bosi aliporudi akauliza nani ameitoa kinga, na wewe ulikuwa umeshapelekwa hospitali. Nilisema ni wewe. Hakuna aliyenilazimisha. Neno lilitoka mdomoni kabla sijalipima, na likishatoka likawa kweli. Kila karakana uliyokwenda baada ya hapo walikuwa wamekwisha kusikia kwamba Timazi ni mtu wa kuchezea kinga. Mama amekufa akiamini hivyo. Nilikuwa nimekaa miguuni pake ulipomwomba radhi kwa uzembe ambao si wako, na nilinyamaza.

Halafu kuna hili, ambalo linanitisha kuliko spana. Mwaka juzi, mbele ya wanao, uliwaeleza jinsi ulivyoitoa ile kinga. Nilidhani umeamini tu maneno yangu. Lakini uliwaambia kwamba bolti ya nne ilikuwa ngumu, ikateleza ghafla, spana ikakuchana chini ya kidole gumba cha kushoto. Hilo sikuwahi kulisema kwa mtu yeyote. Lilinitokea mimi. Kovu ninalo mimi, chini ya kidole gumba cha kushoto, na nimelificha miaka yote hii kwa kusema nilikatwa na kopo. Angalia mkono wako wa kushoto, Kaka. Hauna kitu. Sijui kumbukumbu yangu ilikufikiaje. Naona kama nilipoikataa iliondoka kwangu, ikaenda kutafuta mtu wa kuibeba, na wa kwanza iliyemkuta ukawa wewe, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kukutaja.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi hii. Nimepata miaka kumi na tisa ya kukaa mezani kwako nikila chakula chako, na leo nikikuomba msamaha nitakuwa nakuomba kitu kingine tena. Ninachokuomba ni kimoja. Waite wanao, wawe wote watatu, uwaambie baba yao hakuwa mzembe. Waambie ni shangazi. Na kama bado unakumbuka ile bolti ikikuponyoka, kumbuka kwamba hukuwepo. Ulikuwa bombani, unakunywa maji.

Bosi wetu wa zamani nimemwona jana. Anatembea kwa fimbo lakini anasikia vizuri, na nimemweleza yote mbele ya mafundi wake wa sasa. Mota nimeifungua na kuiweka kando, mashine haitawaka. Jumamosi nitakuwa karakana tangu asubuhi. Usipokuja nitaelewa, na sitakusumbua kwa simu.

Msalimie wifi, mwambie namwombea afya. Wabusu wanangu kabla hujawaambia, sio baada.

Ni mimi mdogo wako, niliyeitoa kinga,

Msumari