Simu Ndani ya Kilemba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na usicheke kabla hujafika mwisho, mimi ni mzee mshona viatu, shule niliichungulia tu dirishani, mke wangu ni fundi cherehani, na kwa kuwa mikono yake yote iko kwenye kitambaa, simu huichomeka ndani ya kilemba, karibu na sikio, anakanyaga cherehani huku anaongea na muuza vitambaa tunayemwita Bwana Vifungo, na anavyomchekea, loo, mimi hajanichekea hivyo tangu nilipokuwa na meno yote. Wivu ukanipanda hadi utosini. Nikamwambia, "Mama watoto, mawimbi ya simu yanapika ubongo, utasahau hata jina langu." Nikatikisa kichwa kama daktari. Basi akaamini! Sasa simu inashinda ndani ya sufuria, imefunikwa, ikilia tu kichwa kinamuuma, juzi kashona mikono yote miwili ya shati upande mmoja, akalia, "Mume wangu, ubongo umeshaiva!" Na kwa kuwa simu haipokelewi, Bwana Vifungo anakuja mwenyewe, ananukia, anakalia kiti changu! Nikisema nilidanganya nitafukuzwa, nikinyamaza nitanyang'anywa mke. Je, mawimbi hayo yanapika kweli? Sema ndiyo, hata ndogo, uniokoe.

Mshona Viatu

Babu, ndiyo hiyo huipati. Simu haipiki ubongo. Mawimbi yake huweza kupasha mwili joto dogo mno. Wataalamu wamechunguza miaka mingi, madhara kwa ubongo hayajathibitika, na bado wanachunguza. Mwenye wasiwasi aiweke mezani, aongee kwa spika. Kinachomuuma mkeo ni hofu, na hofu hiyo umeipika wewe mwenyewe, bila mawimbi.

Nakuonea huruma. Wivu wa uzeeni unabana kuliko kiatu kipya. Lakini kumtia mwenzio ugonjwa ili moyo wako upoe? Aibu, na mvi zote hizo!

Leo hii, kabla hajakaa kwenye cherehani, funua sufuria mbele yake useme, "Nilidanganya. Nilikuwa na wivu." Atakufokea, inamisha kichwa, usijibu. Maumivu yasipoisha, mpeleke hospitali, usijifanye daktari tena.

Na kiti chako usikigombanie. Kikalie mapema, umshikie mkeo kitambaa anaposhona. Akipata mkono wa tatu, simu haitahitaji kilemba, na Bwana Vifungo atasimama.