Wiki ya Ukimya

Kaka yangu,

Shikamoo. Hali yako, na ya shemeji na watoto? Goti je, limekuacha, au bado unapanda ngazi kwa awamu? Sisi huku tunaenda hivyohivyo. Mama hajambo, anakula vizuri, ila siku hizi analala mchana, yeye aliyekuwa akituita wavivu tukilala mchana. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio hauna nafuu, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kwa maneno ya kunifariji, nami ningepata kisingizio cha kunyamaza. Nimenyamaza vya kutosha.

Labda umesikia kwamba jana benki kuu yetu ilishusha riba, mara ya kwanza baada ya miaka miwili na nusu. Ofisini watu walipeana mikono. Mchoro wa riba niliuchora mimi kama kawaida, na ule mstari uliokuwa ukipanda kila mkutano safari hii umeinama. Niliukodolea macho mpaka mkuu wa idara akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni macho tu yamechoka. Kumbe nilikuwa namfikiria Baba, alivyokaa kando ya redio yake mkutano baada ya mkutano akiusubiri mstari huo uiname, akatutoka wiki tisa kabla ya kuuona.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana wewe hukuwepo na mengi uliyasikia nusunusu.

Unajua Baba alistaafu baada ya miaka thelathini na minne ya ufundi na ukaguzi wa mizani, akizunguka madukani na viwandani kuhakikisha kilo ni kilo. Walimpa kiinua mgongo na saa ya ukutani ambayo haikuwa ikitembea, akaitengeneza mwenyewe siku hiyohiyo akiwacheka. Hela hakujua azifanyie nini. Mjomba, kwa kuwa alikuwa keshia wa benki, akamshauri anunue hatifungani ya serikali ya miaka kumi na mitano: analipwa riba kila miezi sita, na mwisho anarudishiwa mtaji wake wote. Kaka, naomba unielewe hapa. Ulikuwa ushauri mzuri. Hata mimi niliupenda, nikasema na vijisenti vyangu nitaviweka hukohuko.

Jumapili moja tukakaa watatu kwenye meza ya chakula, Baba, Mjomba na mimi. Baba akajaza fomu yake, nami nikajaza yangu, kwa kalamu moja, ile ya bluu iliyokuwa ikivuja na ambayo alikataa katakata kuitupa. Mjomba akatukagulia kila mstari. Baba akatia fomu zote mbili kwenye bahasha moja akanikabidhi, kwa kuwa mnada wa hatifungani ulikuwa Jumatano na dirisha la kupokelea fomu liko chini kabisa kwenye jengo letu la kazi.

Sasa kuna jambo la kazini kwetu ambalo sikuwahi kukueleza vizuri. Kamati ya sera ya fedha inapokaribia kukutana, sisi tunaoandaa karatasi zake tunaingia kwenye wiki ya ukimya. Haturuhusiwi kuzungumza na mtu yeyote kuhusu riba, bei wala thamani ya sarafu, awe mwandishi wa habari au mume wako wa ndoa. Tunakula kiapo na kutia saini. Baba alikuwa akinitania sana kwa hilo. Aliniita Gavana, na wiki hizo akinipigia simu alikuwa akianza kwa kuuliza kama leo ninaruhusiwa angalau kusema nimekula nini.

Ile Jumanne asubuhi nililetewa takwimu za kuchora. Benki kuu ya nchi kubwa inayotoa dola ilikuwa imepandisha riba mara kadhaa, na wawekezaji walikuwa wakihamishia fedha zao huko, wanakolipwa vizuri bila presha. Sarafu yetu ikawa inaporomoka. Mafuta na ngano, ambavyo tunanunua kwa dola, vikawa havishikiki. Pendekezo lilikuwa riba ya kwetu ipande kutoka asilimia tisa hadi kumi na tatu kwa mpigo, na baada ya hapo iendelee kupanda. Hatifungani aliyokuwa akiitaka Baba ilikuwa inalipa kumi na moja. Miezi michache baadaye mpya zingelipa kumi na sita au kumi na saba, na nani angemnunulia ile ya kumi na moja kwa bei kamili siku akiwa na shida? Nililijua hilo kabla hata sijanywa chai ya saa nne.

Jioni Baba akapiga. Alisema amesikia mtaani kwamba dola inapanda, akawa na wasiwasi kidogo, lakini anajua mdomo wangu umefungwa na hataki nikose kazi kwa ajili yake. Basi akapata akili, au utani, hata sijui niuiteje. Akasema kama jambo si zuri nikohoe mara moja tu, maana kukohoa hakujakatazwa kwenye kiapo. Akasubiri. Nilimsikia akihema. Nikanywa maji. Sikukohoa. Akacheka, akasema haya basi, mtoto mzuri, peleka.

Yaliyofuata unayajua. Alhamisi riba ikatangazwa, na ikaendelea kupanda. Mwaka wa pili moyo wa Baba ukaanza kumsumbua, daktari akasema dawa zitamsogeza tu, anahitaji upasuaji. Dalali akamwambia hatifungani yake ikiuzwa sokoni siku ile atapata sitini na sita kwa kila mia aliyoweka. Baba akakataa. Akasema hajawahi kumruhusu muuza duka yeyote auze theluthi mbili na kuiita kilo, itakuwa yeye? Atasubiri riba ishuke, bei irudi. Ulipotaka kuuza gari lako akakuambia usijisumbue, hela anayo, inasubiri soko tu. Nami nilikaa pale, ninayejua kwamba riba haishuki karibuni, nikimmiminia uji.

Siku ya mazishi ulimwambia Mjomba mbele ya watu kwamba amemuua Baba kwa makaratasi yake. Tangu siku hiyo haingii ndani. Anakuja mpaka getini, anamwachia Mama mfuko wa matunda, anaulizia hali yake akiwa amesimama, anaondoka. Mama hana ndugu mwingine aliyebaki. Juzi nilimkuta ameweka kiti karibu na geti, akasema anaota jua. Jua lenyewe pale halifiki.

Kaka, Mjomba hana kosa. Anayejua kosa liko wapi ni mimi.

Siku nne kabla hajafa, Baba aliniomba nifunge mlango wa wodi. Akaniambia alishapiga hesabu za tarehe zamani, akagundua kwamba nilijua, na kwamba sikukohoa kwa makusudi. Nikaanza kulia. Akanishika mkono akasema hana kinyongo nami. Alisema yeye mwenyewe hakumpendelea mtu kwenye mizani, hata shemeji yake alimpiga faini, kwa hiyo angewezaje kunikasirikia kwa kuitunza saini yangu. Akasema usiku akikosa usingizi humkumbuka binti yake aliyeacha hela zake zipotee pamoja na za baba yake kuliko kuvunja kiapo, na hapo anapata amani. Ndivyo alivyosema, pamoja na za baba yake.

Nikamwacha aamini hivyo.

Ukweli ni huu. Jumatano asubuhi, kabla sijafika dirishani, nilisimama kwenye ngazi za jengo letu nikafungua ile bahasha. Nikatoa fomu yangu nikaikunja, nikaitia kwenye pochi. Ya Baba nikaipeleka. Yake ningeizuia, ningelazimika kumweleza kwa nini. Yangu hakuna ambaye angeiuliza. Hesabu hiyo niliipiga nikiwa nimesimama, haikuchukua hata dakika. Kiapo nilikitunza kwa mdomo, nikakivunja kwa mkono, na hela zangu zipo zote. Ndizo nilizotaka kumlipia upasuaji, nikashindwa, kwa sababu angeuliza zimetoka wapi, wakati aliamini zangu zimezama pamoja na zake. Hapo sijui nikuambie nini zaidi. Niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa kumpoteza, halafu nikampoteza, na aibu ninayo.

Ile fomu nimeiweka humu ndani ya barua. Ina tarehe ya ile Jumapili na saini yangu. Doa la bluu pale pembeni ni kidole gumba cha Baba, yeye ndiye aliyenisogezea karatasi nijaze. Nimejaribu kuichana mara mbili.

Kesho nampelekea mkuu wa idara barua ya kueleza nilichofanya, waamue wao. Jumapili nitamwambia Mama. Wewe nakuomba jambo moja tu: mpigie Mjomba. Usisubiri hasira zipoe, hasira zako kwangu zipo tu, hazikimbii. Anza naye kwanza, mwambie aingie ndani, aketi kwenye kiti chake. Mimi nitangoja zamu yangu, hata ikichukua mwaka.

Msalimie sana shemeji. Wanao waambie shangazi anawawaza, na yule mdogo nimemfumia sweta, ingawa mkono mmoja umezidi mwingine. Mama anakusalimu. Yuko sebuleni anapunguza sauti ya redio, hajui ninachoandika.

Ni mimi mdogo wako,
uliyezoea kusikia Baba akiniita Gavana.